Kabla Hujamwomba Radhi Kocha

Mwanangu Kabula,

Asubuhi umeniamkia ukiwa umeshanipa mgongo, ukaondoka na mama yako kwenda Misungwi kumuaga bibi yako, nikabaki mlangoni na marahaba yangu mdomoni. Basi ipokee hapa. Marahaba, mwanangu. Najua kwa nini hukusubiri. Juzi uliniuliza, "Baba, niende kambini au nisiende?" nikasema nenda. Jana wakati wa chai nikasema ningekuwa wewe nisingeenda. Jana jioni nikasema tena nenda, lakini kwa sauti ambayo mama yako alisema hata kuku asingeitii. Una haki ya kunichoka. Hata mimi nimejichoka.

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe linalopata kivuli mchana, naandika. Huu mkono umezoea mwiko na nyundo, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala kifudifudi usinicheke. Sitakuandikia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo mama yako ameyamaliza, na dagaa aliokufungia wanatosha kulisha timu nzima na mwamuzi wake. Nataka kukwambia habari za kocha wako wa timu ya taifa, kwa sababu kesho ukipanda basi la Dar bila kuzijua nitakuwa nimekukosea, na ukizijua sijui utafanya nini. Hapo ndipo nilipokwama tangu Jumapili.

Juzi nilikusikia ukianika nguo huku unajifunza maneno. "Naomba radhi kwa kocha na kwa wenzangu kwa kitendo changu cha msibani." Ukayarudia. Mara ya pili ukatoa "kitendo" ukaweka "utovu wa nidhamu." Najua viongozi wa timu walikupigia simu wakakwambia siku ya kwanza utasimama mbele ya wenzako na kuomba radhi, ndipo upewe jezi. Lakini ule "utovu wa nidhamu" ulinichoma, maana ulichofanya msibani nilikutuma mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia katikati nitapotea mwenyewe.

Babu yako, baba yangu, alipofariki kule Misungwi, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kiume nyumbani. Nilijikaza kisabuni. Nikapokea watu, nikaonyesha pa kuchimba, nikaagiza maji na kuni. Sikutoa chozi, na watu wakanisifu. Katika watu waliokuja alikuwepo Mzee Kondo, Mzaramo, fundi wa mashine kwenye kinu cha pamba. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na yule mzee alikuwa mtani kwelikweli. Aliingia chumbani bila kubisha, akatoka amevaa koti la baba na kofia ya baba, anachechemea kama baba, ananifokea mbele ya umati: "Masanja, mbuzi wamo shambani na wewe umesimama tu kama mgeni rasmi!" Kila mtu akaangua kicheko. Mimi nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika. Nililia pale mbele ya watu mpaka nikaishiwa nguvu, na Mzee Kondo akanishika begani huku bado amevaa koti la baba. Mpaka leo sijui ningezikaje bila yeye.

Ndiyo maana mwaka juzi, uliponipigia simu kutoka kambini kusema mama yake kocha amefariki na timu itakwenda Kisarawe kuhani, nilikwambia usiende kukaa kama mgeni. Nilikwambia kocha ni Mzaramo, wewe ni Msukuma, ukikaa kimya ndugu zake watasema Wasukuma hawana heshima. Ukasema, "Baba, lakini ni kocha." Nikasema msibani hakuna kocha, kuna mtani tu. Nilisema kwa uhakika mkubwa. Wewe unaijua sauti yangu ya uhakika.

Ukafanya, na ulifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Uliponisimulia usiku ule ulikuwa unacheka na kulia kwa pamoja. Yule mama mlimjua na mlimpenda. Alikuwa akija kambini na mihogo ya nazi, anakaa kwenye benchi la akiba, anamfokea mwanawe kwa ile sauti yake ya mikwaruzo: "Bwana mkubwa, huyo mtoto amechoka, mtoe apumzike." Timu nzima mliijua sauti ile, ila wewe peke yako uliweza kuiiga. Ukajifunga kanga yake, ukaketi kwenye mkeka katikati ya akina mama, ukaanza: "Bwana mkubwa, kilichoniua si homa. Kimeniua kile kimpira chako cha kurudi nyuma nyuma." Akina mama wakagaragara kwa kicheko. Kocha akatokea mlangoni kutoka kwa wanaume, akasimama, akacheka, akakutia chochote mkononi cha kukunyamazisha, kama desturi inavyotaka. Yakaisha kwa heri, au sote tulidhani hivyo.

Halafu majina ya timu yakatangazwa, na lako halikuwemo.

Ulimuuliza kocha, akasema upumzike kwanza. Ukanipigia mimi. "Baba, nimekosa nini?" Hapo, Kabula, ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini nikasema, "Amekununia kwa ajili ya msiba. Huyo si mtani, ni mtu mwenye roho ndogo." Nani aliniambia? Hakuna. Niliona kimya chake nikakijaza maneno yangu. Na wewe, kwa kuwa nilisema kwa ile sauti ya uhakika, ukayabeba maneno yale yalivyo ukayapeleka redioni. Ulisema umeachwa kwa sababu ya kinyongo cha msibani. Mji mzima ukasikia, halafu nchi nzima.

Nami nilitembea kifua mbele. Sokoni Kirumba watu walikuwa wakininyooshea kidole, ndiye baba wa yule dada aliyemchana kocha, na mimi nikawa natia chumvi kila niliposimulia. Kocha akajibu mara moja tu, kwamba mchezaji anayepeleka mambo ya kambi redioni hana nafasi kambini. Ukajibu kwamba hutavaa ile jezi akiwa yeye ndiye kocha. Nikakupigia makofi. Mama yako hakupiga. Alisema, "Masanja, wewe unapiga makofi, mwenzio ndiye anayekaa benchi." Nikamwambia hajui mpira.

Tangu hapo nimekuwa nikikutazama ukichezea klabu hapa Ilemela, mbele ya watu ambao nusu yao wamefuata kivuli. Timu ya taifa ikiwa kwenye televisheni, wewe unakumbuka vyombo havijaoshwa. Unaviosha polepole, na bomba unalifungua kidogo ili usikie. Nilikuwa nikiona. Nilinyamaza kwa sababu sikujua la kusema, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza bila kujua badala ya kusema bila kujua. Labda nilikuwa nimeanza kujifunza, sina hakika.

Umewahi kuniuliza kwa nini tukipita njia ya Bwiru huwa nasimama kutazama ile nyumba ya rangi ya maji ya kunde iliyo juu ya jabali. Nilikuwa nakwambia napumzika. Ile nyumba ilitugombanisha mimi na Deo, yule Mhaya aliyekuwa mwenzangu wa kazi kabla hujazaliwa. Tulikuwa tukijenga misingi ya mawe pamoja, na hapakuwa na fundi niliyemwamini kama yeye. Tulipofika kwenye lile jabali nikasema halijakaa, lina nyufa chini, tusiliwekee nyumba. Deo akalizunguka, akaligonga, akasema limekaa. Nikamwambia anasema hivyo kwa sababu anataka kazi iishe arudi kwao Muleba akavune kahawa. Niliona kabisa kwamba hiyo ndiyo sababu. Akanitazama, akaokota nyundo yake, akaenda upande wa pili wa jabali. Nikaondoka. Akaijenga na vijana wengine, na imesimama mpaka leo.

Sasa sijui. Labda jabali lilikuwa zima na mimi nilikosea. Labda nilikuwa sahihi na yeye, baada ya mimi kuondoka, akachimba zaidi na kulifunga vizuri bila kumwambia mtu. Wote wawili tulikuwa hapa mjini muda mrefu baada ya hapo, tunakutana sokoni, tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Sikumuuliza. Kisha akarudi kwao na sikusikia tena habari zake. Nimeipita ile nyumba sijui mara ngapi, na kila nikiipita naumia kwa kitu ambacho sikijui.

Nakuandikia hili kwa sababu ya kilichotokea Jumapili. Wewe uliporudi kutoka mazoezini ulimkuta kocha kwetu, akakuita tena kambini, mkazungumza habari za goti lako na safari, akaaga. Ukadhani alikuwa amefika muda uleule. Alikuwa amekaa muda mrefu, mwanangu.

Alipanda haya mawe yetu ya Buswelu kwa miguu, na suruali yake ya kizungu, anahema. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu mwaka juzi. Nilipomwona anafuta jasho, utani ukanitoka wenyewe.

"Karibu, mtani. Umepanda mwenyewe au umebebwa?"

"Nimebebwa na njaa," akasema. "Nimesikia Wasukuma mkipika, mnapikia kijiji."

Mama yako akamwekea ugali na sato. Akala kwa heshima, hakuacha kitu. Mama yako alipotoka kwenda kuchota maji ya kunawa, akasema bila kuniangalia, "Mtani, yule binti yako hakunikosea."

"Kama hakukukosea, mbona umemwacha nje muda wote huu?"

Akakaa kimya. Safari hii sikukijaza kile kimya, na nashukuru. Akaanza kusema taratibu. Alisema mama yake alipozidiwa alimwita. Alimpigia simu mwenyewe, na yeye akamjibu, mama, nitakuja tukivunja kambi. Kambi ilikuwa haijavunjwa alipofariki.

"Siku ile mlipokuja nilikuwa nje na wanaume," akasema. "Nikasikia naitwa. Bwana mkubwa. Mtani, niliinuka. Niliitika. Nilisema 'Naam, mama,' mbele ya wajomba zangu, nikaenda mlangoni. Nikamkuta binti yako kwenye mkeka."

Nikaisogeza sahani yake tupu pembeni.

"Nikacheka, maana mtani hanuniwi. Lakini tangu siku ile, uwanjani akifungua mdomo tu, hata akiomba pasi, nasikia naitwa. Nikashindwa kumtazama. Nikasema nimpumzishe mpaka nipoe. Kisha akasema redioni kwamba nimekasirika, nikaona heri watu waamini hivyo. Ningewaambia nini?"

Mama yako akarudi na maji. Kocha akanawa mikono, akaendelea kunawa hata iliposafika. Nikamuuliza, na sasa? Akasema, "Sasa ile sauti imeanza kunitoka. Nikijaribu kuikumbuka naikuta ya dada yangu. Nikawaza labda Kabula bado anayo."

Kabula, nilimuuliza swali ambalo ningelitaka wewe umuulize. Nilimuuliza, "Mtani, nieleze vizuri. Unamtaka kiungo wa timu yako, au unamtaka mama yako?"

Akatazama huko chini ziwani. Akasema, "Ningekuwa najua ningekwambia." Hapo ndipo ulipoingia na viatu vyako vya matope, ukampa shikamoo kavu, naye akaanza habari za goti.

Hakuniambia nikwambie, wala hakuniambia nisikwambie. Mimi tangu Jumapili nimechanganyikiwa. Nikiamka nina hasira naye. Najisemea, miaka yako mizuri ya mpira imeliwa na majonzi ya mtu mzima aliyeshindwa kusema sentensi moja. Ningekuwa mimi ndiye niliyeachwa nje, ningeenda kumkunja shati. Hapo nakuja kukwambia usiende. Nikishika kazi kidogo namkumbuka alivyosema "Naam, mama," nami namkumbuka baba na lile koti, naona kwamba kitu kilekile kilichoniokoa mimi ndicho kilichomvunja yeye. Namwonea huruma. Hapo nakuja kukwambia nenda. Kisha nakumbuka kwamba sababu uliyoishi nayo tangu mwaka juzi nilikupa mimi, na haikuwa ya kweli. Hakukununia. Nilikudanganya bila kujua kwamba nakudanganya, na sijui kama hilo linapunguza kitu.

Nilimweleza mama yako usiku wa Jumapili. Alilia kwanza, akamlilia yule mama wa mihogo ambaye hakuwahi kumwona. Alipomaliza kulia akawaka. "Kwa hiyo mwanangu amekaa nje kwa sababu wanaume wawili hawajui kuzungumza. Mmoja Dar, mmoja humu ndani." Nikamuuliza, sasa aende au asiende? Akasema, "Aende akacheze mpira. Sababu zenu zitajipanga zenyewe." Yeye hana mkanganyiko wowote. Nimeoa mtu wa namna hiyo.

Mimi siwezi kuwa kama yeye. Nitakwambia machache ninayoyajua, nayo hayajafika mbali.

Usiombe radhi kwa ajili ya msiba. Ile haikuwa dharau, na yeye mwenyewe amekiri. Kwa ajili ya redio, ukitaka kuomba, omba, ila ujue maneno yale yalikuwa yangu na wewe ulikuwa na kipaza sauti tu. Wakikuuliza nani alikwambia kocha ana kinyongo, nitaje. Sina timu ya kufukuzwa.

Na umuulize. Najua utaona aibu. Mimi niliona aibu kumuuliza Deo swali moja, nikaibeba ile nyumba kichwani mpaka mvi zikaota. Muulize mkiwa wawili: kocha, umeniita kwa ajili ya miguu yangu au kwa ajili ya sauti? Inawezekana hajui, kama alivyosema. Bado muulize, ili ajue kwamba wewe unajua, asikutazame kwa kuibia.

Kinachonitisha ni hiki. Wewe tangu utoto unataka mtu akuite kwa ajili ya mpira wako. Ulikuwa ukiwapiga chenga mbuzi wa jirani kwenye haya mawe, ukianguka unainuka kabla sijafika. Nikifikiri kwamba utafika Dar, uvae ile jezi uliyoililia, kisha ugundue umeitwa ukawe kaburi la mama wa mtu, naona heri ubaki hapa ucheze mbele ya watu wa kivuli. Lakini tena nafikiri, kama kuna mtu duniani anayebaki na sauti ya mama yako siku mama yako hayupo, wewe hutamtafuta? Mimi ningemtafuta. Nilimtafuta Mzee Kondo baadaye, nikamkuta ameshahama.

Basi nimefikia hapa, na jua limehamia kwenye jiwe langu, na nyinyi mtarudi sasa hivi. Nenda, mwanangu. Hili ndilo la mwisho na sitalibadilisha, hata nikilibadilisha kesho asubuhi kwa mdomo usinisikilize. Nenda, lakini umtazame siku ya kwanza. Akikuita pembeni akuombe ile sauti kabla hujagusa mpira, chukua begi lako urudi. Nitakuja kukupokea stendi na sitauliza kitu. Akikuweka katikati ya uwanja, akakukimbiza, akakufokea ukipoteza pasi kama anavyowafokea wenzako, akakutoa jasho mpaka ukamchukia kama zamani, basi wewe ni mchezaji wake, na mengine yote ni utani.

Ikiwa hivyo, subiri siku ambayo mazoezi yameisha na wenzako wamekwenda kuoga. Nenda ukakae karibu yake, si karibu sana. Mwite bwana mkubwa, mara moja tu, kwa ile sauti, na umwache aitike.

Ni mimi baba yako,
Masanja